Tunapima nini tunapopima amani ya Bonde la Ufa?

Kila mradi wa amani ninaoitwa kuutathmini huja na jedwali la viashiria, na karibu kila jedwali lina kiashiria kimoja kisichokosa: asilimia ya wakazi wanaosema wanawaamini majirani wa kabila jingine. Mwanzoni mwa mradi asilimia iko chini, mwishoni imepanda, mfadhili anaridhika, faili linafungwa. Mimi ni mzaliwa wa Njoro, nakaa Nakuru mjini, na kazi hii ya ufuatiliaji na tathmini ndiyo inayonilisha. Nazunguka Molo, Kuresoi na Burnt Forest, mara nyingine naenda kaskazini. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Pesa za amani zimeanza kutoka tena, mapendekezo ya miradi yanaandikwa, na kile kiashiria kimo.

Mimi sikitaki tena. Si kwamba watu hudanganya wanapojibu. Ungepita viunga vya Eldoret mwaka 2006 ukawauliza wakulima kama wanawaamini majirani zao, naamini wengi wangekuambia ndiyo, na wangekuwa wanasema kweli. Walikuwa wakiuziana maziwa, wakikodishiana mashamba, watoto wao wakisoma darasa moja. Januari 1, 2008, siku chache baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa Wakikuyu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia humo. Mwisho wa mwezi huo huo Naivasha ikalipiza, na nyumba iliyojaa Wajaluo ikatiwa moto. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima katika majuma yale machache. Imani kwa jirani ilikuwapo, lakini haikumzuia mtu aliyekuja na petroli akijua nyumba ipi ni ya nani.

Ndiyo maana nikifika kijijini siku hizi nauliza mambo mengine. Siku mambo yakichacha, nani hapa anaweza kumzuia nani? Atajuaje mapema? Akienda, anaenda na nini mkononi?

Kuna hesabu moja, hata hivyo, ambayo sisi wa sekta hii tunaikwepa, na afadhali niiseme kwanza kabla ya habari za vijiji. Bonde la Ufa liliwaka 1992. Likawaka tena mara tu baada ya uchaguzi wa 1997. Januari 1998 mapigano yalifika kwetu Njoro nikiwa mtoto wa shule ya msingi, tukalala kwenye madarasa na magodoro yetu. Mwaka 2002 hapakuwaka. Halafu 2007 ikawa ile tunayoijua. Kisha 2013 kimya, 2017 kimya upande wetu, 2022 kimya. Sasa weka kando miradi yote ya amani, uangalie wagombea tu. Mwaka 2002 Mwai Kibaki na Uhuru Kenyatta walikuwa wote Wakikuyu, kura haikuwapanga Wakikuyu na Wakalenjin kila mmoja upande wake. Mwaka 2013 na 2017 Uhuru na William Ruto, Mkalenjin, walikuwa tiketi moja. Mwaka 2022 Ruto alimchukua Rigathi Gachagua, Mkikuyu, kuwa mgombea mwenza. Katika kila uchaguzi ambao wakubwa wa jamii hizi mbili walikuwa kambi moja, Bonde lilitulia, pawe na semina au pasiwe na semina. Mwaka 2002 wala hatukuwa na huu msururu wa kamati na mashirika tulionao leo.

Nimesoma ripoti nyingi za mwaka 2013 zinazosema mradi wetu ulichangia uchaguzi wa amani. Labda ulichangia. Lakini mwandishi wa ripoti hiyo hana namna ya kujua, kwa sababu utulivu ule ule ungetokea kwa mkataba wa wanasiasa wawili waliokuwa na kesi, kila mmoja yake, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Mtu aliyebaki mkavu siku isiyo na mvua hawezi kuusifu mwavuli wake.

Na sasa Gachagua aliondolewa kwenye unaibu rais Oktoba 2024. Mkataba ule umevunjika hadharani. Kwa hiyo 2027 huenda ikawa mara ya kwanza tangu 2007 kwa Bonde kupiga kura ya urais huku jamii hizi mbili zikiwa zimegawanyika kweli. Ndiyo sababu sina subira na viashiria vya kubembelezana.

Upo mwaka mmoja, hata hivyo, ambao ni dhahabu kwa mtathmini, na nashangaa ni wachache wanaourudia: kura ya maoni ya katiba, Agosti 4, 2010. Hapo kambi ziligawanyika. Kibaki na Raila walikuwa upande wa Ndiyo, Ruto akaongoza Hapana, na Bonde la Ufa ndilo lililoipa Hapana kura nyingi wakati nchi kwa jumla ilipitisha katiba kwa asilimia 67 hivi. Wakikuyu wa Bonde walipiga Ndiyo, majirani zao Wakalenjin wakapiga Hapana, na hiyo ilikuwa miaka miwili na nusu tu baada ya Kiambaa. Watu walikuwa bado kwenye mahema. Vipeperushi vya kuwaambia wahame vilikuwa vimeanza kuokotwa. Juni mwaka huo mkutano wa upande wa Hapana ulishambuliwa kwa mabomu pale Uhuru Park, Nairobi, watu wakafa. Kila dalili ilikuwapo. Na bado Agosti ikapita Bonde bila mauaji.

Hapo ndipo panapostahili kuchimbwa. Mwaka huo lilianzishwa jukwaa la Uwiano, likiunganisha Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, kamati ya serikali ya kusimamia mizozo, mtandao wa mashirika ya amani wa PeaceNet na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ulikuwepo ujumbe mfupi wa simu, namba 108, bila malipo, wa kuripoti vitisho. Kamati za amani za wilaya zilipewa watu na fedha kidogo za kukimbilia tukio. Polisi wengi walimwagwa Bonde mapema. Tume mpya ya uchaguzi ilikuwa ikitoa matokeo yakionekana yanavyoingia, hapakuwa na kile kiza cha Desemba 2007 kilichowafanya watu wajaze wenyewe wasichokijua. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikuwa wameruhusu uchunguzi Machi 31, na kila mwanasiasa aliyewahi kusimama jukwaani alijua kuna mtu anaandika. Halafu Hapana walishindwa kwa pengo kubwa na wakakubali.

Lipi kati ya hayo lilifanya kazi? Mimi nilivyokusanya, kwa mahojiano na watu waliokuwa mashinani, mizani inaangukia mambo matatu yakiwa pamoja: wakubwa waliogopa kutajwa, matokeo hayakufichwa, na palikuwa na watu wa karibu wenye uwezo wa kufika pale kipeperushi kinapookotwa kabla hakijasomwa soko zima. Ukiliondoa mojawapo, sina hakika na Agosti ile. Nakubali pia kwamba kura ya maoni haina kiti cha mtu ndani yake, na joto lake ni dogo kuliko la urais. Lakini kama unataka kujua kamati za amani zinaweza nini wakati wanasiasa hawajapatana, 2010 ndiyo mahali pa kutazama. Mwaka 2013 hautakuambia kitu.

Jambo jingine linaloniuma ni nani tunayemlenga. Fungua mradi wowote: walengwa ni vijana, hasa wa boda boda, halafu akina mama, halafu wazee. Katika vifo vile 1,133 vya Waki, 405 vilitokana na risasi, zaidi ya theluthi moja, na kwa sehemu kubwa zilikuwa risasi za polisi. Kisumu wengi wa waliokufa walikufa hivyo. Mwaka 2017, wakati Bonde limetulia na dunia inatupongeza, mashirika ya haki za binadamu yaliorodhesha makumi ya waliouawa na polisi Kisumu na mitaa ya mabanda ya Nairobi, akiwemo mtoto mchanga wa miezi sita aliyepigwa ndani ya nyumba ya wazazi wake. Mahakama ilikuja kusema polisi wanabeba lawama ya kifo hicho. Juni 2024 tukaona tena, mchana peupe, vijana walioandamana wakipigwa risasi.

Mradi wa kuzuia mauaji ya uchaguzi usiokuwa na kiashiria hata kimoja kuhusu polisi umeacha nje theluthi nzima ya makaburi. Najua kwa nini: polisi hawaalikiki kirahisi kwenye semina, na mfadhili hataki ugomvi na serikali. Lakini kuna mambo yanayopimika bila ugomvi. Nani alitoa amri siku ile, na iliandikwa wapi? Kikosi kilitoka na risasi za moto au na ngao na marungu? Mkuu wa kituo aliwahi kukaa meza moja na kamati ya amani kabla ya siku ya kura, na ana namba zao? Malalamiko yaliyopelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi yalifika wapi? Nimeona kituo kimoja ambapo mkuu wake alikuwa akimpigia mwenyekiti wa boda boda kabla ya kutuma gari, na tofauti na kituo jirani niliyoiona ingetosha kujaza ripoti nzima. Haikuwa kwenye jedwali.

Sasa Wajir, kaskazini mashariki mwa nchi, maana huwezi kuzungumzia kamati za amani Kenya bila kwenda zilikozaliwa.

Mwanzo wa miaka ya tisini Wajir ilikuwa inavunjika. Ukame ulikuwa umeua mifugo, Somalia ilikuwa imeanguka 1991 na bunduki zikavuka mpaka kama bidhaa nyingine yoyote, na uchaguzi wa 1992 ukaziweka koo za Ajuran, Degodia na Ogaden kwenye shindano la viti. Mauaji ya kulipizana yalifika mjini. Wanawake wachache, wengine watumishi wa serikali na walimu, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, hawakuanza na mkutano wa wazee wala tamko. Walianza na soko. Mama wa ukoo huu alikuwa hawezi tena kuuza maziwa kwa mama wa ukoo ule, na maziwa yasipouzwa watoto wa pande zote wanalala njaa. Wakakubaliana kwamba kila mwanamke ataingia sokoni na kununua na kuuza apendavyo, wakaweka kamati ya kukagua jambo hilo kila siku, na aliyemzuia mwenzake alishughulikiwa siku hiyo hiyo.

Fikiria kiashiria hicho. Asubuhi hii, mama wa Degodia ameuza kwa mama wa Ajuran, ndiyo au hapana? Hakuna haja ya dodoso. Unasimama pale kwenye vibuyu vya maziwa na kutazama.

Soko lilipotulia ndipo wakaenda kwa wazee, wakatafuta upatanishi kutoka koo ndogo zisizo na upande, vijana wakaingizwa, wafanyabiashara wakachangia mafuta ya gari, na Septemba 1993 wazee wakatia saini azimio la Al-Fatah. Kikaundwa kikosi cha kukimbilia tukio: mnyama akiibwa au mtu akiuawa, wazee wa koo zote pamoja na afisa wa usalama wanapanda gari moja kwenda huko kabla ulipizaji haujaanza. Mwaka 1995 serikali ya wilaya iliipa kamati hiyo nafasi ndani ya mfumo wake. Baada ya makubaliano ya kitaifa ya Februari 28, 2008, yale yaliyopatikana kwa upatanishi wa Kofi Annan, Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa, mfano wa Wajir ukasambazwa nchi nzima.

Na ukisambazwa, ukapoteza sehemu kubwa ya kilichoufanya ufanye kazi. Gari halikusambazwa. Soko halikusambazwa. Kilichosambazwa ni orodha ya wajumbe kumi na watano, barua za uteuzi na posho ya kikao. Kuna kamati nilizozikuta ambazo wajumbe wake wa pande mbili hawana namba za simu za wenzao.

Wajir yenyewe haikuwa na kinga ya kila kitu. Oktoba 1998 wavamizi waliwaua Wadegodia zaidi ya 100 eneo la Bagalla, pamoja na kuwa kamati ilikuwa hai na inasifika. Wavamizi hawakuwa watu ambao kamati ile ingeweza kuwafikia. Hakuna mzee kati ya waliotia saini Al-Fatah aliyekuwa na kauli juu yao. Kwangu hilo halionyeshi kwamba kamati hazifai. Linaonyesha mpaka wa mkono wake ulipo, na mpaka huo unaweza kuchorwa kwenye karatasi kabla ya maafa. Mwaka 2001 jamii za eneo hilo zilijaribu kuupanua kwa azimio la Modogashe, likiwa na fidia ya damu ya mifugo 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. (Kama mwanamke na kama mtathmini, nimeshindwa kuusoma mstari huo bila kifua kunibana. Wanawake ndio waliofungua soko la Wajir.)

Narudi upande wetu. Mwaka jana nilikuwa Kuresoi, kwenye mpaka wa vijiji viwili vilivyochomana 2008. Mradi niliokuwa naupima ulikuwa umefanya kila kilichoandikwa: mafunzo, mechi za kandanda, mural ukutani mwa shule, fulana na kofia. Nilipomaliza dodoso, mzee mmoja wa kamati alinifuata hadi kwenye pikipiki na daftari la shule lililokunjwa mfukoni mwa koti.

“Binti yangu, hiki nacho unaandika?”

Lilikuwa limepigwa mistari kwa biro. Tarehe, saa, aliyepiga, alisema nini, nimempigia nani, ikawaje. Nilisoma ukurasa mmoja nikiwa nimesimama. Saa tisa usiku, ng'ombe watatu hawapo kwa fulani, vijana wanakusanyika. Nimempigia mwenzangu wa ng'ambo. Amesema mpe nafasi afuate nyayo. Saa kumi na mbili nyayo zimeingia msituni, hazikuingia kijijini kwao. Nimewaambia vijana. Wamerudi. Ukurasa mwingine: picha imezunguka kwenye WhatsApp ya mtu aliyekatwa panga, wanasema ni wa kwetu. Nimepiga kwa chifu, chifu hajui. Nimepanda boda hadi hospitali. Hakuna mtu kama huyo. Nimerudi stendi nimewaambia.

“Mzee, kwa nini hukuonyesha watu wa mradi?”

“Hawakuuliza. Waliuliza kama tunapendana.”

Nikamuuliza ni nini huharibu. Akanieleza bila kufikiri sana: “Ng'ombe akiibwa saa tisa, nikapigiwa saa kumi, niko na nafasi. Nikipigiwa saa mbili asubuhi, vijana washatoka na mishale. Hapo mimi ni mzee tu.” Kredo ya simu alikuwa akinunua kwa pesa za maziwa. Mafuta ya boda vilevile. Bajeti ya mradi ilikuwa na ukumbi wa hoteli Nakuru.

Daftari lile ni ushahidi bora kuliko dodoso langu lote, kwa sababu linaweza kukaguliwa. Nilikwenda kwa yule mwenzake wa ng'ambo bila kumwambia nimeona nini, nikamwomba anisimulie usiku wa ng'ombe. Saa zikalingana. Kituo cha polisi, OB (kitabu cha matukio) ya siku hiyo ilikuwa na ng'ombe watatu walioibwa, na siku mbili baadaye wawili walipatikana upande wa msitu. Nikaona pia kwamba mara mbili kwenye daftari simu haikupokelewa, na mara zote mbili kuna mtu aliumia. Yaani hata penye kushindwa, unaona kimeshindwa wapi. Kazi ya tathmini ndiyo hiyo: chukua tukio lililokaribia kuwa baya, lifuate saa kwa saa, uliza nani alifanya nini ambacho kisingefanyika asingekuwepo, kisha tafuta mtu mwingine asiye na maslahi akuthibitishie au akukatalie.

Watu huniuliza kama tatizo letu si tahadhari za mapema. Tahadhari tunazo tele. Tana Delta, Pwani, mwaka 2012 wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma walikuwa wakishambuliana kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mifugo ikakatwa, mashamba yakalishwa, wenyeji wakalalamika kwa wenye ofisi. Agosti 22 watu 52 waliuawa kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto, na hadi mwaka unaisha waliokufa walikuwa zaidi ya 100, wakiwemo polisi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wote walikuwa wamelisema. Aliyekosekana ni mtu mwenye gari na mamlaka ambaye kazi yake ni kuondoka dakika ile. Kwa hiyo nikiona mradi unaojivunia idadi ya ujumbe uliopokelewa, nauliza safu ya pili: ni mingapi iliyomfanya mtu atoke nyumbani kwake?

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mwandishi wa miradi ya amani ausome, nao ulifanyika Rwanda, miaka kumi tu baada ya mauaji ya kimbari. Elizabeth Levy Paluck alifuatilia mchezo wa redio wa Musekeweya, wa maridhiano, ulioanza 2004. Vikundi vya wasikilizaji viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vilisikiliza mchezo huo kwa mwaka mzima, vingine vikasikiliza mchezo wa redio wa afya. Mwishoni, imani za ndani za watu hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni walichofikiri kwamba wenzao wanakubali na wanakataa, na pia walivyotenda. Vikundi vilipewa zawadi ya redio moja na kanda za kutumia pamoja. Wale wa mchezo wa afya upesi walikubali kumkabidhi kiongozi wa mtaa. Wale wa Musekeweya walibishana, mtu akasema la, wakaamua kuisimamia wenyewe kwa pamoja. Katika nchi ambayo 1994 watu waliamriwa na viongozi wa mitaa kwenda kuua na wengi wakatii, kumpinga mwenye cheo mbele ya wenzako kuhusu redio ni jambo kubwa sana.

Hilo ndilo lililonitoa kwenye kile kiashiria cha imani. Kijana wa stendi huenda asimpende jirani wa kabila jingine maisha yake yote, na bado asiinue panga kwa sababu anajua wenzake wa stendi watamkemea, au kwa sababu ameona mmoja akikataa pesa za mheshimiwa hadharani na hakuchekwa. Tukio kama hilo linapimika. Unauliza: mara ya mwisho mtu alipokuja hapa kutafuta vijana wa kukodi, alijibiwa nini, na nani alisikia? Stendi moja ya Molo walinijibu kwa urefu, wakibishana wao kwa wao nani alikuwepo. Stendi nyingine walitazamana, mmoja akaniambia nirudi siku nyingine. Nikaandika yote mawili.

Nimeshawaambia wanaoniajiri kwamba kwa 2027 masharti yangu ni haya. Mradi utaje kwa majina ya vyeo ni nani ambao kamati inaweza kuwafikia na ni nani haiwezi kuwafikia, wakiwemo watu wa pesa na wa majukwaa, na useme nani mwingine atawashughulikia hao. Uwe na mstari wa kredo na mafuta kabla ya mstari wa fulana. Uwe na angalau kiashiria kimoja cha polisi. Utafute vijiji vinavyofanana ambavyo havina mradi, tuvitazame navyo, hata kama matokeo yataaibisha. Na ikitokea wanasiasa wamepatana tena dakika ya mwisho na Bonde likalala usingizi Agosti nzima, ripoti iseme hivyo, isijitwalie utulivu ambao haikuutengeneza. Mfadhili mmoja amekubali. Wengine wanafikiria.

Kama uko kwenye kamati ya amani popote, Bonde, Pwani au kaskazini, usingoje mradi. Daftari la shule linatosha. Safu sita: tarehe, saa, aliyepiga, alichosema, uliyempigia, kilichotokea. Majina ya wahusika usiyaandike kwa ukamilifu, tumia herufi au alama yako, maana daftari likiangukia mikono mibaya linaweza kumuua mtu. Andika na simu ambazo hazikupokelewa, hizo ndizo muhimu zaidi. Piga picha ya kila ukurasa, mtumie mtu mmoja unayemwamini aliye nje ya kijiji. Ukitaka nikutumie mfano wa ukurasa uliojazwa, niandikie.